Waya Badala ya Splitipini

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa gari. Bwana Karakana, mzungu aliyesimamia karakana ya shamba moja la chai karibu na mji wa Kericho, alinipa kipande cha chuma, tupa na vaisi, akaniambia nikisugue kile kipande mpaka pembe zake zote nne ziwe sawa. Vaisi, kwa asiyeijua, ni ile taya ya chuma iliyofungwa kwenye meza, ambayo hushika kitu ili mikono yako yote miwili iwe huru. Nilisugua tangu saa moja asubuhi. Saa sita nikampelekea. Aliweka kipimo chake cha pembe juu ya chuma, akakiinua usawa wa dirisha, akaangalia mwanga uliopenya chini yake, akanirudishia. "Bado," akasema. Nikasugua mpaka jioni, na kesho yake nikasugua tena. Siku ya tatu alikitia kile chuma mfukoni, akanionyesha pikapu iliyosimama mlangoni, akaniambia nikamsaidie fundi aliyekuwa amelala chini yake.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kufunga spea, yaani gurudumu la akiba, na raki kwenye pikapu za mashamba, kazi niliyoifanya mpaka nywele zikageuka. Vijana wa chuo cha ufundi hapa Londiani wameniomba niwaandikie jinsi tulivyoifanya zamani. Nitawaandikia. Lakini nawaonya mapema kwamba katika vishikio vyote nilivyofunga, kimoja ndicho ninachokikumbuka kila siku ya Mungu. Kilimharibia mwanamke mmoja mkono na mwanamume mmoja jina, na aliyekifunga vibaya ni mimi. Anayetaka ufundi tu asome nusu ya kwanza, kisha aende zake.

Pikapu za miaka ile, kabla ya Uhuru na baada yake kidogo, zilifika kutoka Nairobi zikiwa tupu. Nyuma kulikuwa na sakafu ya bati yenye mabonde, kuta tatu fupi na mlango wa nyuma, basi. Spea ilining'inia chini ya gari kwa mnyororo. Kwenye lami hilo si tatizo, lakini barabara za mashamba ya chai hazikujua lami, na mvua ya Kericho mnaijua. Tope lilimeza spea nzima, mnyororo ukashika kutu, na siku ya pancha dereva alilala chali kwenye maji akipiga nyundo kitu asichokiona. Wakati mwingine hakukuta spea kabisa, kwa kuwa wajanja wa sokoni walikuwa wameukata mnyororo yeye akinywa chai. Kwa hiyo mashamba yaliamua spea ipande juu, ikae nyuma ya kebini, na pembeni zifungwe raki, yaani vichaga vya chuma vya kubebea visu vya kupogolea, mabomba ya dawa, majembe na madebe ya petroli.

Kazi yenyewe ilianza na kupima, na hupimi gari tupu. Unalipakia magunia kwanza, kwa sababu bodi hujipinda ikibeba mzigo, na raki iliyokaa vizuri kwenye gari tupu itapasuka maungo gari likijaa. Halafu unaingia chini na kuweka alama za chaki mahali paipu ya breki inapopita na mahali tangi lilipo. Nilimwona fundi mmoja akitoboa sakafu kwa furaha nyingi, drili ikatokea ndani ya tangi la petroli. Alinusurika, lakini tangu siku hiyo alipewa kazi ya kufagia. Chini ya kila tundu tulitia sahani ya chuma ya upana wa kiganja, ili bolti isilivute bati na kulipasua. Juu yake washa, ile pete bapa ya chuma, kisha springi washa, ile iliyokatwa mahali pamoja ikajipinda kidogo, ambayo huisukuma nati wakati wote isilegee. Chuma cha raki kilikuwa engolaini, chuma chenye mbavu mbili zinazokutana kama kona ya nyumba. Tulikikata kwa msumeno wa mkono. Mashine ya kuchomelea ilikuwa moja kwa karakana nzima, na ulipangiwa zamu yake kama kwa kinyozi.

Bwana Karakana hakuwa mtu wa maneno, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazungu wa mashamba. Lakini siku moja aliniona nikifunga nati bila springi washa kwa sababu iliniangukia na sikutaka kuinama kuitafuta. Alisimama nyuma yangu mpaka nikamaliza.

"Wewe nalala usiku," akaniambia, "gari nakwenda, natingisika. Kila kitu natingisika, iko siku nafunguka. Wewe fikiri hiyo siku."

Nikainama nikaitafuta ile washa. Mzungu huyo aliondoka nchini miaka michache baadaye, nami sikumpenda sana, ila maneno yale yamekaa kichwani mwangu kuliko mahubiri yote niliyoyasikia.

Kutoka hapo niliazimwa mwaka mzima upande wa Kipkelion, kutengeneza raki za pikapu zilizobeba maziwa ya wakulima kwenda kwenye reli. Mkebe wa maziwa ni mtihani. Ni mrefu na mzito, kitako chake kidogo, na ukianguka mmoja, yote inaanguka. Niliporudi nilipelekwa upande wa Bomet, kwenye shamba la mbali la wenye kazi wale wale, niwe fundi peke yangu. Karakana yangu ilikuwa banda la mabati lenye meza moja, vaisi moja na pikapu mbili za kuangalia. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nikaanza kuitwa Fundi na watu wakubwa, na sikuona kwamba sifa inaweza kumpofusha mtu.

Dereva wa pikapu kubwa alikuwa Arap Kirui, Mkipsigis wa Sigowet, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kulizunguka gari lake mara moja kila asubuhi kabla ya kulipanda. Aligusa kila kitu, magurudumu, taa, kufuli la mlango wa nyuma. Tulikuwa marafiki kwa jinsi fundi na dereva wanavyokuwa marafiki: ananiletea ubovu, namrudishia uzima. Mtu wa pili ninayepaswa kuwajulisha ni Drusila. Alikuwa mjane wa kwetu Maragoli, boma lake liko kwenye njia ile ile ya kwenda kwa baba yangu, na kwa ukoo tuliitana ndugu. Ni mimi niliyemwandikia barua kwamba huku kuna kazi ya kuchuma majani. Alikuja na binti zake wawili na sanduku la bati, akapewa nyumba kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari. Mikono yake ilikuwa mepesi ajabu. Nyapara alizoea kuwaambia wageni wamtazame Drusila jinsi anavyochuma, majani mawili na kichipukizi, mikono miwili kwa pamoja, macho yako mbele kwenye kichaka kinachofuata.

Sasa nielezee desturi iliyotuponza. Kwenye mlango wa kila pikapu iliandikwa kwa rangi nyeupe kwamba abiria hawaruhusiwi. Lakini shamba lilikuwa mbali na kila kitu. Mgonjwa angefikaje hospitali? Mama mjamzito je? Waimbaji wa kanisa, watu wa matanga? Walipanda pikapu, wote tukijua, na nyapara akageuka kutazama vilima. Na kati ya wale waliopanda kulikuwa na heshima yake. Spea ilikuwa ikilazwa sakafuni, gunia likatandikwa juu, na hapo aliketi mzee, au mgonjwa, au mwenye mimba. Wengine walikaa chini au wakasimama wakishika raki. Hakuna aliyefundishwa hilo. Kijana akithubutu kukalia spea mama amesimama, aliambiwa neno moja tu na akaruka kama aliyekalia siafu.

Tatizo ni kwamba baadaye Meneja wa shamba alitaka spea isimame wima, ili magunia ya mbolea yapate nafasi, nami ndivyo nilivyokuwa nimeifunga, kwa bolti nne. Arap Kirui akanijia.

"Fundi, hawa akina mama wanakaa kwa bati kama mbuzi," akasema. "Huwezi kufanya hii spea ilale na kuamka?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini nilikuwa fundi peke yangu, na nilitaka kuonyesha kwamba naweza. Nikatengeneza mkono wa chuma uliofungwa sakafuni kwa bawaba, rimu ya spea ikakazwa juu yake kwa nati tatu. Ukiusimamisha mkono, spea ilisimama nyuma ya kebini. Ukiulaza, spea ililala juu ya kigao, egemeo fupi la engolaini, ikawa kiti. Kilichoushika mkono usianguke ukiwa umesimama kilikuwa pini moja, nene kama kidole cha shahada, iliyopita kwenye tundu la mkono na tundu la fremu. Na kilichoizuia pini isichomoke kilikuwa splitipini.

Splitipini ni kitu kidogo sana. Ni waya mgumu uliokunjwa ukawa na kichwa cha mviringo na miguu miwili. Unaipitisha kwenye katundu kwenye ncha ya pini, kisha unaipanua miguu, mmoja huku na mwingine huku, na pini haitoki tena. Imetengenezwa itumike mara moja. Ukiifungua na kuifunga mara kwa mara, mguu unavunjika. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia: nilitia kitu cha kufunga mara moja mahali ambapo dereva angefungua kila siku. Bwana Karakana angeliona hilo kwa kupita tu. Mimi nilipigiwa makofi na akina mama wa laini, nikafurahi.

Splitipini zangu zilikwisha kabla ya miezi miwili. Karani wa stoo hakutoa hata msumari bila chiti iliyotiwa sahihi na Mhandisi. Huyu Mhandisi alikuwa Mwafrika mwenzetu, kijana msomi aliyechukua nafasi ya Bwana Karakana, naye alikuja kwetu kutoka Kericho mara moja kwa wiki. Alikuwa mtu wa haki, lakini mkali. Alikuwa ametangaza mbele yetu sote kwamba dereva atakayekutwa na abiria ataenda nyumbani, na atakayemsaidia ataenda naye. Nikifikiria kumwambia nataka splitipini kumi na mbili za kishikio kimoja cha spea, nilisikia swali lake kabla hajaliuliza: kwa nini spea hiyo inafunguliwa kila siku?

Kwa hiyo sikuomba. Nilichukua waya laini wa kitalu, ule tuliofungia fito juu ya miche, nikaupitisha kwenye katundu ka pini, nikausokota mara tatu kwa koleo. Nilijiambia ni kwa siku mbili, mpaka nipate njia. Siku ya tatu nikautazama, umeshika. Wiki ikapita, umeshika. Ulipochakaa nilitia mwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, na mimi niliuona ule ufa kila asubuhi, nikaupa jina la kazi nzuri.

Ilikuwa msimu wa mvua ndefu. Drusila alikuwa na homa siku ya tatu, hawezi kusimama. Nyapara alimwomba Arap Kirui ampitishe hospitali ya misheni akielekea kupeleka mbolea kwenye shamba la chini. Kwa sababu ya yale magunia, spea ilikuwa imesimama. Drusila aliketi sakafuni mbele ya magunia, akajifunika turubai, akaegemeza mkono wake wa kulia juu ya kile kigao cha engolaini ili asiyumbe. Nilimwona akiondoka. Nilimwambia pole, naye akatikisa kichwa.

Kwenye mteremko wa kuingia mtoni mvua ilikuwa imekula ukingo wa kalavati. Gurudumu la mbele likatumbukia, likaruka juu. Waya ukakatika. Pini ikachomoka ikaangukia barabarani, wala haikuonekana tena. Mkono wa chuma ukalala na spea yake, uzito wote, juu ya kigao, na vidole vya Drusila vilikuwa hapo katikati.

Sitasimulia zaidi. Madaktari waliuacha mkono mahali pake, lakini vidole havikukunjika tena.

Siku ya nne tuliitwa ofisini, mimi na Arap Kirui. Meneja alikuwa mezani, Mhandisi amesimama dirishani na kishikio changu kimewekwa sakafuni. Kwanza walimuuliza Arap Kirui nani alimruhusu kubeba mtu. Nyapara hakutajwa. Alisema ni yeye mwenyewe aliyembeba, mama alikuwa mgonjwa. Kisha Mhandisi akanigeukia. Aliongea kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza.

"Fundi, pini ya hapa ilikuwa na splitipini?"

Niliangalia kile chuma. Nilikuwa na mke aliyetarajia mtoto, nyumba kwenye laini, jina la Fundi. Najua hizi si sababu. Nawaambia tu ni nini kilichopita kichwani mwangu kwa muda wa kuvuta pumzi moja.

"Ndiyo, bwana," nikasema. "Ilikuwa nayo."

Basi wakaelewa yaliyotokea kwa namna yao: kwamba bawaba ni ya kushushia spea siku ya pancha, na dereva aliitoa splitipini ili alaze spea kwa ajili ya abiria wake, kisha akaisimamisha na kusahau kuirudisha. Ilikuwa hadithi nzuri, haina tundu. Mhandisi akamuuliza Arap Kirui ana neno. Arap Kirui alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesikiliza injini, kujua sauti inatoka wapi. Halafu akasema hana neno.

Alifukuzwa siku hiyo hiyo, na barua yake ilisema uzembe. Kwenye nchi ya chai barua kama hiyo hutangulia mtu kila aendako. Aliuliza kazi mashamba manne, wote wakamwambia alete barua ya pale alipotoka. Akarudi Sigowet kwa mama yake kulima mahindi, na sikusikia kwamba aliwahi kushika usukani tena.

Drusila walimjaribu kwenye kitalu, kujaza udongo kwenye vifuko vya miche kwa mkono mmoja. Alikuwa wa mwisho kila siku, yeye aliyekuwa akionyeshwa kwa wageni. Baada ya muda jina lake likatolewa kwenye daftari, na nyumba ya laini ni ya mwenye jina. Nilimbebea lile sanduku lake la bati mpaka kituo cha basi, yeye na binti zake wakinifuata. Nilikuwa nimekusudia kumwambia njiani. Tulipita kitalu, tukapita banda la kupimia majani, tukafika barabara kubwa, na kila mahali nilijiambia mbele kidogo. Basi lilipokuja aliushika mkono wangu kwa mkono wake wa kushoto.

"Ndugu yangu, Mungu akuone," akasema. "Hawa wengine wamenipita kama hawanijui."

Nikapakia sanduku. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi nilikuwa nimepewa shukrani juu yake.

Yaliyofuata ndiyo yale ambayo watu huyaita mafanikio. Nilirudishwa Kericho, nikawa fundi mkuu wa karakana ile niliyoanzia. Nilikuwa mkali kwa vijana kupita Bwana Karakana. Nilikagua kila pini kwa kidole, nikafukuza mtu mmoja kwa sababu ya nati iliyolegea, na watu wakasema juu yangu, Mzee Zablon hana mchezo. Hawakujua kwamba kila nilipomwona mtu ameshika waya na koleo nilitafuta sababu ya kutoka nje. Huko nyuma nilikuwa mtu wa kuimba nikifanya kazi. Mke wangu aliniuliza miaka mingi nini kilinyamazisha nyimbo, nikamwambia ni moshi wa kuchomelea.

Mama yangu alipofariki nilienda nyumbani kuzika. Njia ya kwetu inapita mbele ya lango la Drusila, kwa hiyo nilizunguka kwa kule mtoni nikaingia bomani kwa nyuma, kama mwizi wa kuku, mtoto wa kwanza wa marehemu. Lakini Drusila alikuja matangani na wengine. Alinisalimu kwa mkono wa kushoto, akaushika wangu kitambo kirefu, akinitazama usoni. Nikadhani ananipa pole ya mama.

Siku ya kustaafu walinichinjia mbuzi. Meneja wa wakati huo, mtu ambaye hakuwahi kufika ule upande wa Bomet, alisoma kutoka kwenye faili langu kwamba kwa miaka yote ya kazi yangu hakuna kitu nilichofunga kilichowahi kufunguka barabarani. Watu wakapiga makofi. Nikapewa saa ya ukutani na blanketi, nikaombwa niseme maneno machache. Nilisimama. Niliona nyuso zile, vijana wangu wa karakana wamevaa mashati safi, na nikajua kwamba hii ndiyo nafasi ya mwisho ya kulisahihisha faili lile. Niliwashukuru wapishi, nikaketi.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu mno, na mwaka wa pili wa kustaafu nilichoka, nikaenda Sigowet.

Nilimkuta Arap Kirui akikoboa mahindi mlangoni, kichwa cheupe chote. Alinijua kabla sijajitaja. Mkewe akatuletea maziwa kwenye kibuyu, tukaulizana watoto na wajukuu. Kisha nikamwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, nayo yakatoka yote kwa mara moja: kwamba splitipini haikuwepo, kwamba nilitia waya wa kitalu, kwamba mbele ya Meneja nilidanganya.

"Najua," akasema.

Aliendelea kukoboa.

"Hiyo waya niliiona asubuhi ile nikizunguka gari. Niliishika na kidole, hivi. Nikasema, hii si splitipini. Halafu nikasema, si ni Fundi amefunga? Basi imefungwa. Nikaambia mama akae hapo."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, hata kwa rungu. Kwa hili sikuwa nimejitayarisha. Nilimuuliza kwa nini hakusema ofisini.

"Ningesema nini? Ati niliona waya na nikaweka mgonjwa chini yake?" Akatupa gunzi. "Hata mimi nilinyamaza, Fundi. Lakini mimi nilienda kwake."

Nikamuuliza kwa nani, ingawa nilijua.

Alienda Maragoli, akanieleza, miaka michache baada ya kufukuzwa, alipopata mavuno ya kwanza mazuri. Alimpelekea Drusila debe la mahindi, akaketi nyumbani kwake na kumwambia kwamba aliuona waya na akapuuza. Drusila alilia, kisha akampikia. Hakumuuliza waya ulifungwa na nani. Shamba lile lilikuwa na fundi mmoja.

"Wakati naondoka akaniambia, 'Ndugu yangu atakuja mwenyewe kuniambia,'" akasema Arap Kirui. "Hiyo ni miaka mingi sasa. Mimi usinilipe na maneno, mimi tulimalizana na Mungu. Mwenye mkono yuko hai. Enda kwake."

Kwa hiyo matangani kwa mama yangu Drusila alijua. Alipokuwa ameushika mkono wangu na kunitazama, alikuwa akinipa nafasi.

Watu wa hapa Londiani huniuliza kwa nini Mragoli mzima, mwenye ardhi ya baba yake, alinunua kiwanja kwenye baridi hii na kulima viazi kati ya watu wa kabila lingine. Huwaambia nimezoea hewa. Ukweli ni kwamba sijaenda. Tangu nitoke Sigowet nimevaa koti la safari mara nyingi, nikafika kituoni hapa, nikalitazama gari la Kericho likijaa, nikarudi nyumbani na kumwambia mke wangu limenipita. Sina tena kazi ya kupoteza, wala nyumba ya laini, wala Mhandisi wa kumwogopa. Ninachokiogopa ni kwamba atanisamehe, na baada ya hapo nitakuwa nimebaki na nini cha kujitetea kwa miaka yote niliyokawia? Vijana, mliotaka kujua ufundi, mtaona kwamba kwa hili sina fundisho. Ningekuwa nalo ningelitumia mwenyewe.

Wanangu wanajua kwamba kwa desturi yetu nitazikwa kando ya baba yangu. Watanipeleka mchana, kwa njia kubwa, maana jeneza halizungushwi mtoni. Drusila, kama Mungu atamweka mpaka siku hiyo, atasikia vilio akiwa jikoni, atatoka na kusimama langoni kwake kumpokea ndugu yake aliyerudi nyumbani, na gari litapita.